Taa sita za kulia zinapepesa ukumbini, nyumbani ziko sawa

KarakanaUani, Morogoro
Jumatano, saa 2:10 usiku

Habari za jioni wakuu. Nina mahafali ya kidato cha nne Jumamosi hii na nina shida, kwa hiyo atakayenisaidia kabla ya hapo Mungu atamlipa.

Mimi si mtu wa majukwaa. Mkate wangu ni kuchomelea mageti na madirisha. Taa nilianza kwa kupenda tu, nikakuta harusi moja inaleta nyingine. Karakana yangu iko uani nyuma ya jiko, mke wangu anaiita disko la maskini. Kwa miaka mitatu nimekusanya taa kumi na mbili za LED, zile za duara zenye vijicho 54 vya wati 3. Wenyewe wanaziita taa za paa (PAR kwa Kiingereza), na kila nikimwambia mteja nakuja na taa za paa ananiuliza nitapandia ngazi gani. Kontrola ni ile ya kawaida ya chaneli 192, vitufe kumi na viwili, kila kimoja chaneli 16. Anwani, yaani chaneli ya kuanzia ya kila taa, nimeziweka 1, 17, 33, hivyo hivyo mpaka 177. Hilo la anwani lilishanitesa zamani, naomba msinirudishe huko.

Shida ndiyo hii. Nyumbani napanga zote kumi na mbili mezani na sakafuni, naziunganisha taa kwa taa, zinafanya kazi usiku kucha. Nikifika ukumbini, sita za kushoto ziko safi. Sita za kulia zinapepesa. Mara zizime nusu sekunde, mara ziruke kijani wakati nimeweka nyekundu, mara taa mbili zikubali na nne zikatae. Nikiweka taratibu, zififie polepole, ndipo zinapochafuka kabisa.

Mpangilio: kontrola iko kushoto, pembeni ya jukwaa. Inatoka kwenda taa ya 1 mpaka ya 6 kwenye bomba la kushoto, halafu waya mmoja mrefu wa mita 20 unapita nyuma ya pazia kwenda taa ya 7 mpaka ya 12 kwenye bomba la kulia. Umeme wa kushoto nachukua soketi ya ukutani. Kulia hakuna soketi, natumia ekstensheni ya roli ya pale ukumbini. Nyaya za DMX, zile zinazopeleka amri za kontrola kwenye taa, ni nyaya za maiki, najua mtanisema.

Nilichojaribu: nimeazima kontrola nyingine, ni yale yale. Nimezihamisha taa, za kulia nikapeleka kushoto na za kushoto kulia. Zilizokuwa wagonjwa zikapona na zilizokuwa wazima zikaugua. Kwa hiyo si taa. Nimejaribu kwa jenereta, nikajaribu kwa umeme wa kawaida, hakuna tofauti.

Dukani wameniambia ninunue DMX ya wayalesi, kirushi kimoja na vipokezi, waya mrefu niutupe. Bei yake ni geti zima la mbele pamoja na rangi. Ninunue?

Jambo jingine dogo, sijui kama linahusiana. Nikiishika taa ya 7 kwa mkono zinatulia kidogo, nikiachia zinaanza tena. Kijana wangu wa kazi anasema zinataka kubembelezwa. Na ukigusa lile bomba la kulia ukiwa peku unasikia kama sisimizi wanakutembea vidoleni.


MwangaWaHarusi, Arusha
Jumatano, saa 2:41 usiku

Kaka nunua wayalesi ulale usingizi. Mimi nilihangaika na waya mwaka mzima, nikanunua vile vidude, sasa napanga ukumbi kwa dakika ishirini. Angalizo moja tu: zinatumia mawimbi yale yale ya Wi-Fi, gigahezi 2.4, ukumbi ukijaa simu zinaweza kuhemahema. Weka kirushi juu, kisizibwe na watu.


MzeeWaPazia, Unguja
Jumatano, saa 3:30 usiku

KarakanaUani, usinunue kitu. Wala kesho usiguse bomba lile kabla hujasoma haya mpaka mwisho.

Umeandika kurasa nzima ya taa kupepesa, halafu sisimizi ukawaweka mwishoni ukawaita jambo dogo. Sheikh wangu, hao sisimizi ndio habari yenyewe. Taa kupepesa ni aibu ya Jumamosi moja. Bomba lenye sisimizi, siku hiyo hiyo mtoto wa shule katoka kunawa uso chooni, kaja mbio na mikono mibichi kushikilia stendi asikose zamu yake ya kuingia, hilo halina Jumamosi nyingine.

Mie nimefanya kazi hii tangu enzi za taa za halojeni, moja wati 1,000, ukipanga nane unahitaji ampea 35 na feni ya kujipepea. Niliwahi kumwona mwimbaji wa taarabu akirushwa hatua mbili nyuma na maiki. Midomo yake iligusa ule wavu wa chuma, mkono umeshika stendi ya taa. Hakufa, alhamdulillahi, lakini aliimba usiku ule wote na leso kaifunga kwenye maiki, na watu wakadhani ni mbwembwe. Toka siku hiyo mita haitoki mfukoni mwangu.

Sasa sikiliza. Hiyo ya kuishika taa zikatulia umenipa jawabu nusu. Mwili wako umekuwa waya wa ethi. Taa zinatafuta njia ya kwenda ardhini, hazina, zikakupata wewe.

Kesho nenda ukumbini na mita, vaa viatu vya soli ya mpira, unifanyie mambo manne kwa utaratibu huu.

Kwanza chomoa ule waya mrefu wa DMX, taa za kulia zibaki na umeme tu. Weka mita kwenye voliti za AC, masafa makubwa. Ncha moja kwenye skrubu ya mwili wa taa ya 6, pahala palipokwaruka rangi, ncha nyingine kwenye mwili wa taa ya 7. Mkono mmoja uwe mfukoni, usishike vyuma viwili kwa mikono miwili. Niandikie namba.

Pili zima kila kitu, chomoa ile roli ukutani. Sasa mita iwe kwenye ohmu au ile alama ya mlio. Pima kutoka pini kubwa ya plagi ya roli, ile ya juu, hadi tundu kubwa la soketi yake. Inatakiwa ilie.

Tatu chukua waya mrefu wa DMX, pima pini moja moja, 1 kwa 1, 2 kwa 2, 3 kwa 3. Unapopima uutikise karibu na kanoni, ile plagi ya pini tatu, pale waya unapoingilia, kila upande. Waya mbovu hudanganya ukilala kimya.

Nne niambie nyumbani unatumia waya gani kati ya taa ya 6 na ya 7. Nakisia si huo mrefu.


MwangaWaHarusi, Arusha
Jumatano, saa 3:38 usiku

Mzee, heshima yako, lakini sisimizi ni kawaida kwa hizi taa. Za kwangu pia zinao.


MzeeWaPazia, Unguja
Jumatano, saa 3:44 usiku

Basi na wewe nenda kapime, mwanangu. Sikutanii.


KarakanaUani, Morogoro
Alhamisi, saa 11:20 jioni

Mzee shikamoo. Nimetoka huko sasa hivi, nimeketi juu ya ndoo naandika.

Kwanza: kati ya mwili wa taa ya 6 na wa taa ya 7, voliti 97. Nilirudia mara tatu nikidhani mita imeharibika.

Pili: roli haikulia. Nikafungua plagi. Waya wa kijani na njano umekatwa kwa kisu, safi kabisa, ukakunjwa nyuma ukazungushiwa gundi nyeusi. Si kwamba ulichomoka, mtu kaukata. Nikamuuliza mlinzi, akaniambia hilo analijua, alikuja fundi wa muziki zamani, spika zilikuwa zinanguruma, akakata huo waya mngurumo ukaisha, wakampa na soda.

Tatu: waya mrefu, pini 2 na 3 zinalia vizuri. Pini 1 hailii. Nikitikisa upande wa kanoni jike inalia halafu inakata. Nikafungua. Ule wavu wa shaba umeng'oka kwenye risasi, umebaki unagusagusa tu. Kile kibano cha kushikilia waya kilikuwa hakijakazwa, kila nikivuta waya navuta risasi. Na huo waya niliuchomea mimi mwenyewe. Mtu anayechomelea mageti.

Nne: umekisia sawa. Nyumbani natumia kipande cha mita moja na nusu, kwa sababu zote ziko pamoja. Na zote nachomeka kwenye ekstensheni yangu moja, yenye ethi nzima, hii nayo nimeipima.

Sasa nieleze, maana naona vitu viwili vibovu na sielewi kipi ndicho kinachopepesa.


MzeeWaPazia, Unguja
Alhamisi, saa 1:15 usiku

Marahaba. Vyote viwili. Kimoja peke yake pengine kingekuvumilia.

Kila taa yako ina ubao mdogo wa kubadilisha umeme wa 230 kuwa wa chini. Kwenye ubao ule mna kapasita ndogo za buluu zinazoshusha makelele ya umeme kwenye mwili wa taa, ili ethi iyachukue. Kila taa inavujisha chembe ya miliampea hapo, na hivyo ndivyo ilivyoundwa, si ubovu. Ethi ikiwepo huoni kitu. Ethi ikikatwa, chembe hizo hazina pa kwenda, mwili wa taa unaelea karibu na nusu ya umeme wa ukutani. Nusu ya 230 ni 115, mita yako imekula kidogo, ikakupa 97. Sita juu ya bomba moja wanajumlisha, ndio maana unawasikia.

Sasa DMX. Pini 2 na 3 zinabeba ujumbe, na taa inasoma tofauti kati ya hizo mbili. Umeme wa nje ukizigusa zote mbili sawasawa, taa haijali, ndiyo werevu wake. Lakini werevu una mpaka. Kile kidude kinachopokea kimeundwa kuvumilia kutoka voliti 7 chini ya sufuri hadi 12 juu yake, zaidi ya hapo kinasoma upuuzi. Pini 1 kazi yake ni kuziambia taa zote sufuri iko wapi. Wewe upande wa kulia ethi imekatwa, na pini 1 imeng'oka. Sufuri ya kushoto na sufuri ya kulia hazijuani. Ule uvujaji ukitafuta njia ya kurudi umepanda pini 2 na 3, na ujumbe ukasafiri humo humo na fujo. Ulipohamisha taa ukadhani unahamisha ugonjwa. Ugonjwa ulikuwa wa upande.

Rudi sasa kwenye ile wayalesi ya dukani. Ungeinunua, ungeutupa waya mrefu, na taa zingetulia tuli! Ungesema alhamdulillahi ukaenda nyumbani. Na bomba lingebaki vile vile, voliti 97, mpaka siku waya wa fezi, ule wenye umeme, ndani ya taa moja ukwaruzike uguse bati. Siku hiyo si 97 tena, ni 230 yenye nguvu kamili, na fyuzi haikatiki kwa sababu ethi ya kuikata haipo. Kupepesa kulikuwa kunakupigia hodi.

Fanya hivi. Ile roli ya ukumbi iweke pembeni, wala usiitengeneze kimya kimya, mwambie mwenye ukumbi na umwoneshe. Taa zako kumi na mbili zote zikiwaka nyeupe hazifiki ampea 9, kwa hiyo soketi ile moja ya kushoto ya ampea 13 inazitosha kulia na kushoto, ukiwa na ekstensheni yako yenye waya wa milimita 2.5. Chukua umeme pahala pamoja. Lakini kabla ya hapo pima hiyo soketi yenyewe ya ukutani, maana aliyekata plagi huenda alipita na kwingine. Ukiweza kupata ile breka yenye kitufe cha kujaribia, inayokata umeme ukivuja miliampea 30, weka mbele ya kila kitu. Ikikata kila mara usiitoe, kuna taa inataka kukwambia jambo.

Na huyo aliyekata ethi kuondoa mngurumo, natamani tukutane. Mngurumo unatibiwa kwenye waya wa sauti. Kuna kiboksi cha DI, cha kuunganisha ala ya muziki na mixa, kina swichi yake ya kuinua ardhi, kazi yake ni hiyo. Ethi ya umeme haikatwi, hata akwambie nani.


MwalimuWaDrama, Mombasa
Alhamisi, saa 2:05 usiku

Hamjambo nyote. Mzee, stima umeieleza vizuri, sina la kuongeza. Ila kuna kitu umekiruka nami sikubali kirukwe: nyaya za maiki.

Mimi hufundisha Kiswahili na kila mwaka napeleka watoto kwenye mashindano ya drama. Shule haina pesa, kwa hivyo nimejifunza kuchoma kanoni usiku mimi mwenyewe. Taa nane, nyaya za maiki, tulikuwa sawa. Tukaongeza nne, zikaanza wazimu. Ethi ilikuwa nzima na kila pini ililia.

Kinachotokea ni mwangwi. Waya wa DMX unatakiwa uwe na ohmu 110 au 120, si ile unayopima kwa mita, ni ile ya mawimbi. Waya wa maiki wa kawaida huwa chini sana ya hapo, na kila kiungo kinarudisha ujumbe kidogo nyuma. Ukifika taa ya mwisho haukuti mlango, unagonga ukuta unarudi wote. Ujumbe unaokuja unakutana na unaorudi. Waya ukiwa mfupi wala huoni.

Kaka wa Morogoro, tengeneza kizibo. Kanoni dume moja ya pini 3, rezista moja ya ohmu 120, robo wati inatosha. Rangi zake kahawia, nyekundu, kahawia, halafu dhahabu. Unaichoma kati ya pini 2 na pini 3, pini 1 unaiacha. Unaichomeka kwenye tundu la kutokea la taa ya mwisho. Mimi niliipata Nairobi, mtaa wa Luthuli, wakaniuzia kumi kwa pesa ya chai maana moja moja ni usumbufu kwao. Kifunge rangi nyekundu kisipotee kati ya kanoni nyingine. Mimi kimoja changu mwanafunzi alikichomeka kwenye mixa akidhani ni maiki ndogo.

Na hapo kuna hatari nyingine ya kutumia nyaya za aina moja kwa taa na kwa sauti. Mixa ikiwa imewashwa zile voliti 48 za maiki, mtu akakosea akaichomeka kwenye msururu wa taa, unaweza kuua kipokezi cha taa. Ndio maana kiwango chenyewe cha DMX, tangu kilipotoka Marekani mwaka 1986, kilichagua kanoni ya pini 5. Hizi za pini 3 ni ubahili wa viwanda, na wetu pia.

Ukitaka waya wa bei ya chini usiohama, wa kukaa ukumbini, nyaya za kompyuta za Cat5e zinafaa sana. Zina ohmu 100. Pini 2 na 3 zipite kwenye jozi moja iliyosokotwa pamoja, usichanganye rangi za jozi mbili. Za kusafiri nazo hazifai, ile shaba yake ngumu inakatika ukiikunja kunja.


MzeeWaPazia, Unguja
Alhamisi, saa 2:30 usiku

Mwalimu, nimefanya maonesho miaka na nyaya za maiki bila kizibo.


MwalimuWaDrama, Mombasa
Alhamisi, saa 2:34 usiku

Na ulikuwa na taa ngapi kwenye waya mmoja, mzee wangu?


MzeeWaPazia, Unguja
Alhamisi, saa 2:52 usiku

Sita. Haya, nimekubali. KarakanaUani, tengeneza kizibo.


KarakanaUani, Morogoro
Jumapili, saa 4:00 asubuhi

Wakuu, nimelala, nimeamka, natoa ripoti.

Ijumaa asubuhi nilichoma upya kanoni zote, si ule mmoja tu. Nyaya kumi na tatu. Nilizifungua zote baada ya kuona aibu ya ule wa kwanza, nikakuta mbili nyingine kibano hakijakazwa. Kizibo nilikitengeneza kwa rezista niliyoing'oa kwenye ubao wa redio mbovu, rangi kahawia, nyekundu, kahawia, nikaipima kabla, 119. Nikakipaka rangi ya geti iliyobaki, nyekundu ya oksaidi. Hakipotei hata gizani.

Soketi ya ukutani niliipima, ethi ipo. Ekstensheni nikanunua waya mpya wa milimita 2.5, mita 25. Hapo nusura niibiwe. Duka la kwanza waya ulikuwa mwepesi mno mkononi. Nikakwangua ncha kwa kisu, juu rangi ya shaba, ndani mweupe. Alumini iliyopakwa. Muuzaji akasema ni shaba ya kisasa. Nikamwambia mimi nafanya kazi na chuma, shaba ya kisasa sijawahi kukutana nayo, nikavuka barabara duka la pili.

Ukumbini Ijumaa jioni nikapima tena kama alivyoagiza mzee, kabla ya kuunganisha DMX. Taa ya 6 kwa taa ya 7: voliti 0.2. Nikavua viatu nikashika bomba, sisimizi wamehama. Kijana wangu alikataa kushika, alisema yeye anaamini kwa mdomo. Nikachomeka kizibo, nikachomoa kontrola nikapima pini 2 na 3 kutoka mwanzo wa msururu, ohmu 114. Nadhani taa zenyewe ndizo zinakula hizo chache. Nikarudisha kontrola, nikaweka nyekundu, nikaishusha polepole mpaka giza. Kumi na mbili zimeshuka pamoja kama mtu anafumba macho. Nilirudia kama mara kumi, bila sababu.

Sikupata ile breka ya miliampea 30. Nimeiagiza Kariakoo, inakuja na basi wiki hii.

Mwenye ukumbi nilimwonesha plagi. Alinyamaza muda, halafu akaniuliza hiyo roli inatumika pia kwa birika la chai la akina mama, je? Nikamwambia ndiyo hiyo hiyo. Akaichukua mwenyewe akaikata waya katikati kwa mundu, mbele yangu, isitumike tena na mtu.

Mahafali yalikwenda vizuri. Kulikuwa na igizo, msichana mmoja alikuwa bibi anayekufa, na pale anapokata roho nilitakiwa nishushe buluu kwa sekunde kama ishirini. Ilishuka bila kutikisika. Kitu kimoja kilinikera: mtu aliyekuwa anarekodi kwa simu alinionesha video ina mistari ya giza inayopanda juu, wakati kwa macho hatukuona kitu. Hilo ni la nyaya tena?

Na la mwisho. Taa ya 4, tangu jana vijicho tisa vyekundu vimezima kwa mpigo, vyekundu vingine na rangi nyingine zote zinawaka. Imeungua sehemu ya ubao?


MwalimuWaDrama, Mombasa
Jumapili, saa 4:25 asubuhi

Hongera kaka! Mistari si nyaya. LED hupunguzwa mwanga kwa kuwashwa na kuzimwa haraka kuliko jicho linavyoona, lakini kamera inaona. Mwenye simu ajaribu programu inayomruhusu kuchagua kasi ya shata, aweke 1/50. Isiposaidia, usishushe taa chini sana kwenye dimma ukijua kuna kamera. Tumia taa chache zikiwa na mwanga mkubwa.


MzeeWaPazia, Unguja
Jumapili, saa 5:10 asubuhi

Tisa kwa mpigo maana yake wamefungwa mmoja nyuma ya mwingine, kafa mmoja kawazimia wenzake. Ubao wenyewe haujaungua. Zima taa, ichomoe kabisa, iache robo saa kapasita ziishe umeme, fungua kioo. Mita iweke kwenye alama ya dayodi, gusa kila kijicho chekundu peke yake, ncha nyekundu ya mita kwenye chanya. Aliye hai atawaka kidogo sana, zima taa ya chumbani umwone. Asiyewaka ndiye. Mng'oe uweke mwekundu mwingine wa wati 3, na chini yake upake ile dawa nyeupe ya kupitisha joto, wengi wanasahau, naye anakufa tena baada ya mwezi. Kwa buluu na kijani usitumie njia hii, wanataka voliti 3 na ushei na mita nyingi hazifiki, utawazika wazima.

Na MwangaWaHarusi, mbona kimya? Umeshapima?


MwangaWaHarusi, Arusha
Jumapili, saa 7:48 mchana

Nimepima mzee. 104. Nimezichomoa zote, nafungua plagi ya kwanza sasa hivi.